Taa ya ufukweni: jinsi mtoto mmoja alivyotufundisha kusoma hadithi

Mwezi huu tumepewa nafasi ya kueleza habari za lile darasa la hadithi na mashairi la Jumamosi mchana. Tumesikia maswali mengi, hasa pale bombani asubuhi watu wakipanga madumu. Eti, hao vijana wanafundisha nini? Hadithi zinaleta posho? Mashairi yanaleta kuni? Tumeona tujibu kwa kusimulia mambo yalivyokuwa, pamoja na kosa tulilolifanya sisi wenyewe, maana tukilificha hamtaelewa kwa nini darasa limebadilika.

Sisi ni walimu watatu wa kujitolea. Wote tumemaliza sekondari humu humu Nyarugusu, na wote ni watu wa ufukweni mwa Tanganyika upande wa Burundi. Mmoja wetu ametoka Rumonge mjini, mmoja Minago, mmoja Nyanza-Lac. Mwaka 2015 tulikuwa bado watoto. Ninyi mliopita njia ile mnaijua, lakini tuwakumbushe wadogo waliozaliwa huku: mwezi wa tano mwaka ule watu makumi ya maelfu walijaa Kagunga, kijiji kidogo cha Tanzania kilichobanwa kati ya milima na maji, hatua chache tu kutoka mpaka wa Burundi. Kipindupindu kikaingia, kikaua watu. Meli ya Liemba ikawa inakuja, inasimama majini, watu wanapelekwa kwa mitumbwi mpaka ilipo, inabeba watu kama mia sita kwa safari moja mpaka Kigoma. Kutoka Kigoma ni mabasi mpaka huku. Ndivyo tulivyofika.

Tunaanza na ziwa kwa sababu darasa letu nalo lilianza na ziwa.

Mwaka 2023 tuliona watoto wa darasa la saba, la nane na la tisa wanapata shida kubwa na masomo ya lugha. Kusoma wanasoma. Ukimpa ukurasa mtoto anausoma mpaka chini bila kukwama. Lakini ukimuuliza, hadithi hii inasema nini, anakurudishia hadithi yote kama ilivyo, kuanzia mwanzo mpaka mwisho. Ukimwambia hapana, nieleze maana yake, ananyamaza, anakuangalia mdomoni asikie jibu litakalotoka kwako. Hatukuwalaumu. Sisi wenyewe shuleni kule nyumbani tulifundishwa hivyo hivyo. Mwalimu aliandika ubaoni, dhamira ni hii, ujumbe ni huu, sisi tukanakili na kukariri. Siku ya mtihani ukiandika kama ubaoni umepita.

Lakini jambo la ajabu ni kwamba watoto wale wale, ukiwakuta jioni nje ya nyumba zao wanategeana vitendawili, wana akili kama wembe. Kule Rumonge tulizoea lugha mbili jioni moja. Bibi anaanza kwa Kirundi, "Sokwe!" nasi tunaitika, "Niruze!" Akija jirani wa mtaa wa Waswahili anaanza, "Kitendawili!" nasi tunaitika, "Tega!" Mtoto wa miaka sita anaambiwa kuna nyumba isiyo na mlango, naye anajibu pale pale kwamba ni yai. Huyo mtoto amefanya nini? Amesikia neno moja akaona kitu kingine nyuma yake. Hiyo ndiyo sitiari, jamani. Ndiyo ile ile wanayoiogopa darasani kwa sababu imevaa jina kubwa.

Basi tukaanzia hapo. Jumamosi ya kwanza hatukushika kitabu kabisa. Tulitega vitendawili saa nzima, na kila jibu likija tunauliza, umejuaje? Mwanzo walisema, nimejua tu. Tukakataa. Umejuaje? Mwishowe kijana mmoja akasema, "Kwa sababu mwalimu umesema haina mlango, na nyumba zote zina mlango, kwa hiyo siyo nyumba kweli." Tukamwambia asimame, akapigiwa makofi. Maneno yale "kwa sababu umesema" ndiyo tumeyafanya kuwa sheria ya darasa. Ukitoa maana, onyesha na neno lililokupa maana hiyo. Bila hivyo ni ubashiri.

Vitabu hatukuwa navyo. Tulikuwa na nakala chache tulizoandika kwa mkono. Ndipo tukaamua kutunga hadithi yetu wenyewe, ukurasa mmoja, ya kwetu Rumonge. Tunaieleza hapa kwa kifupi maana ndiyo iliyoleta mambo.

Mvuvi wa Rumonge anatoka usiku wa giza, usiku usio na mwezi, kama kawaida ya watu wa ndagala, maana ndagala hufuata taa na mwezi ukiwaka taa haina nguvu. Harudi. Mke wake kila jioni anawasha taa ya mafuta, anaitundika mlangoni kuelekea ziwani. Watoto wakiuliza, anasema baba amefuata ndagala mbali. Mwezi wa pili mama anauza nyavu sokoni ili anunue chakula. Anafanya kibarua cha kukamua mawese, mikono inakuwa myekundu. Watoto wanakua. Taa inawashwa kila siku. Jioni moja mtoto mkubwa anarudi kutoka shule, anaona mlango uko giza. Taa haikuwashwa. Mama ameketi nje, anamenya mihogo. Hadithi inaishia hapo.

Tulijisifu nayo sana, tuseme ukweli. Tukaandika maswali mawili. La kwanza, dhamira kuu ya hadithi ni nini? La pili, taa inawakilisha nini? Na kwenye daftari letu tukaandika majibu: dhamira ni upendo na uvumilivu, taa inawakilisha matumaini. Tukaona tumemaliza. Kumbe na sisi tumekuwa wale wale wa ubaoni.

Watoto ishirini na saba waliandika. Karibu wote waliandika upendo, uvumilivu, matumaini. Tuliwapa nane, tisa. Msichana mmoja wa darasa la nane aliandika tofauti. Aliandika kwamba taa inawakilisha uongo wa mama. Tulisoma tukakunja uso. Mama mzuri namna ile, mvumilivu, ambaye tumemtunga kwa kuwakumbuka mama zetu, leo anaitwa mwongo! Tukampa mbili kwa kumi. Pembeni tukaandika kwa wino mwekundu: Soma tena, hukuelewa.

Chini ya jibu lake alikuwa ameandika mistari mingine miwili. Hatukuisoma vizuri. Hilo ndilo kosa letu.

Jumamosi iliyofuata hakuja. Ya pili yake hakuja. Ya tatu, tukiwa tunafungua mlango, akaja mama yake. Alikuja na daftari la mtoto mkononi. Tulimkaribisha, "Mama karibu, keti." Hakuketi. Akasema, "Ninyi kwa umri ni watoto wangu, kwa hiyo nitasema kama mzazi. Mnafundisha nini hapa? Mwanangu amerudi nyumbani ameniuliza swali ambalo sijaulizwa na mtu tangu tuvuke."

Hatuwezi kuandika yote, ni habari ya nyumba ya watu, na haya machache tunaandika kwa ruhusa yao. Mwaka 2015 baba wa familia ile alibaki Rumonge kuangalia shamba la michikichi. Alisema atafuata. Mwanzo habari zake zilifika kwa watu waliovuka baadaye, halafu zikakatika. Mama aliwaambia watoto kwamba baba amepata kazi upande wa Kongo na njia ni ngumu. Aliwaambia hivyo mwaka wa kwanza, wa pili, wa tatu, mpaka ikawa ni kitu kinachosemwa tu. Moyoni mwake alishajua zamani. Alikuwa anangoja mtoto mkubwa akue kidogo ndipo amwambie.

Sasa mtoto akasoma hadithi ya taa. Akarudi nyumbani akauliza, "Mama, zile nguo za baba ulizokuja nazo ziko wapi?" Mama alikuwa ameziuza.

Tukafungua daftari pale pale mbele yake, tukasoma ile mistari miwili ambayo hatukuisoma. Mtoto alikuwa ameandika hivi: Mama ameuza nyavu mwezi wa pili. Mtu anayemngoja mvuvi hauzi nyavu zake.

Jamani. Sisi ndio tuliotunga hadithi ile. Ule mstari wa nyavu tuliuweka ili kuonyesha umaskini tu, hatukuwaza zaidi. Lakini mstari upo, na maana aliyoitoa imo ndani ya mstari. Alitii sheria yetu kuliko sisi wenyewe. Wale ishirini na sita waliandika matumaini bila kuonyesha hata neno moja, tukawapa tisa kwa sababu walisema tunalolitaka. Yule mmoja aliyeleta ushahidi tukampa mbili.

Tulimwambia mama, "Tumekosa. Mtoto wako alikuwa sahihi, sisi ndio hatukuelewa." Alinyamaza muda. Halafu akaketi. Akasema tumsomee hadithi nzima, maana yeye kusoma hajui. Tukamsomea. Alipofika mwisho, pale taa haikuwashwa, akauliza, "Sasa kwa nini siku ile hakuiwasha?" Tukasema hatujui, tulimaliza hivyo tu. Akatikisa kichwa. "Mnajua ninyi. Mmemweka anamenya mihogo. Mtu aliyekata tamaa hamenyi mihogo ya watoto." Naye akatoa ushahidi! Hatukumfundisha mtu huyu, lakini alisoma kama mtoto wake, kwa masikio.

Jumapili yake tulikwenda nyumbani kwao, wote watatu. Tulimwomba msichana msamaha mbele ya mama na wadogo zake. Tukafuta mbili tukaandika tisa. Akauliza, "Kwa nini tisa, si kumi?" Tukamwambia moja tumelishika kwa sababu aliandika bila nukta mahali pawili. Akacheka kidogo. Ilikuwa mara ya kwanza tumwone anacheka wiki hizo. Mama alikuwa tayari amewaambia watoto yale aliyokuwa anayangoja. Nyumba ilikuwa imelia, ilionekana, lakini mlango ulikuwa wazi na chai ilikuwa jikoni.

Tangu siku ile tumebadilisha mambo kadhaa darasani, na tunataka wazazi wayajue.

Kwanza, hatuna tena daftari la majibu. Tuna swali moja tu linalorudi: umejuaje? Kwa hadithi ile ya taa tumeshapata majibu matatu ambayo yote yanasimama. Wapo wanaosema taa ni matumaini, wanaonyesha kwamba imeelekezwa ziwani. Wapo wanaosema ni uongo, wanaonyesha nyavu. Na yupo mvulana wa darasa la tisa aliyesema taa ni kwa ajili ya watoto, siyo kwa ajili ya baba, ili wasiogope giza. Akaonyesha kwamba siku haikuwashwa mtoto mkubwa alikuwa amekua kiasi cha kurudi shule mwenyewe jioni. Lakini lipo pia jibu lisilosimama. Mtoto mmoja aliandika mvuvi amekimbilia kwa mke mwingine Nyanza-Lac. Tulicheka sote, tukamuuliza umejuaje? Akasema, wavuvi ndivyo walivyo. Tukamwambia hayo ni ya mtaani, hayamo kwenye hadithi. Kwa hiyo msidhani kila jibu linakubaliwa. Majibu ni mengi, lakini kila moja lazima liwe na shina kwenye maandishi.

Pili, kabla ya kusoma habari ya kifo, vita au kupotea kwa mtu, tunawaambia watoto mapema. Asiyetaka anaweza kukaa nje au kusikiliza bila kuandika. Hatumlazimishi mtoto kusema ya kwao. Swali letu linahusu mama wa kwenye hadithi. Kama mtoto anamuona mama yake humo, hilo ni lake, atalisema akitaka.

Tatu, tunasoma kwa sauti mara mbili kabla ya swali lolote. Mara ya kwanza ni kusikia. Mara ya pili ni kutafuta: nani anasema, yuko wapi, anataka nini, nini kinamzuia, na mwisho nini kimebadilika. Mambo hayo matano ukiyapata umeshika hadithi. Tunawafundisha hata kwa historia ya Liemba. Ilitengenezwa Ujerumani mwaka 1913, ikaletwa vipande vipande mpaka Kigoma, ikaingia majini mwaka 1915, Wajerumani wenyewe wakaizamisha mwaka 1916 isichukuliwe na adui, Waingereza wakaiopoa mwaka 1924, ikaanza kazi kwa jina la Liemba mwaka 1927. Halafu mwaka 2015 ikatubeba sisi. Tunauliza, hizi ni tarehe tu, zitakuwa hadithi lini? Wanajibu: tukichagua mtu mmoja ndani ya meli na jambo moja analolitaka. Vizuri sana.

Sasa kuhusu mashairi. Hapo palikuwa na ugomvi mwingine, lakini huo ulikuwa wa kufurahisha.

Watoto wengi wanaogopa vina na mizani. Tuliwaambia, mtu aliyeandika sheria za kutunga mashairi ya Kiswahili hakutoka mbali. Sheikh Kaluta Amri Abedi alizaliwa Ujiji mwaka 1924, hapo hapo kando ya ziwa letu. Kitabu chake cha sheria za kutunga mashairi kilitoka mwaka 1954. Baadaye alikuwa meya wa Dar es Salaam na waziri, akafariki mwaka 1964. Watoto walishangaa. Walidhani mashairi ni mali ya Mombasa, Lamu na Unguja tu, watu wa bahari ya chumvi. Kumbe na maji baridi yana malenga wake.

Tukawafundisha kuhesabu mizani kwa kupiga makofi, silabi moja kofi moja, nane upande wa kwanza na nane upande wa pili. Msichana mmoja wa kutoka Kigwena akatunga:

Ziwa letu Tanganyika, maji yako ni ya kina,
Usiku tuliovuka, nyota zako tuliona.

Hesabuni wenyewe nyumbani, ni nane kwa nane, na vina vimekaa. Tulimsifu. Lakini nyuma kabisa akanyanyua mkono mvulana mmoja, mkorofi kidogo, akasema yeye ana shairi lake. Akasimama akasoma:

Sikuona nyota.
Nilikuwa natapika.

Akaketi. Darasa lilianguka kwa kicheko. Wengine wakapiga kelele, siyo shairi hilo, halina vina, halina mizani, ni maneno ya hospitali! Tukawaambia wangojeni. Tukawaeleza kwamba ugomvi wenu huu ni wa zamani, wakubwa wameugombania miaka mingi. Euphrase Kezilahabi, mtu wa Ukerewe katika ziwa Nyanza, mwaka 1974 alitoa diwani yake ya Kichomi ambayo mashairi yake hayakufuata vina na mizani, na wapo waliosema kabisa kwamba hayo siyo mashairi. Wengine wakasema ni mashairi. Leo yote mawili yanasomwa.

Basi tukagawa darasa pande mbili wabishane. Upande mmoja ukasema shairi la nyota ni bora kwa sababu linaimbika, na kinachoimbika hakisahauliki. Upande wa pili ukasema lile la kutapika lina ukweli, na limejibu la kwanza bila kumtukana mtu. Halafu binti yule wa Kigwena mwenyewe akasema neno lililotushinda wote. Alisema, "Kwenye shairi langu siyo mimi niliyeona nyota. Mimi nilikuwa na miaka mitatu, sikumbuki chochote. Nilimwazima kaka yangu macho." Hapo tukapata nafasi ya kufundisha jambo ambalo vitabu vinalieleza kwa shida: "mimi" au "sisi" ya ndani ya shairi siyo lazima awe mtunzi. Ukichambua, uliza kwanza, nani anasema humu? Halafu anamwambia nani? Halafu ana hisia gani, na neno gani limekuonyesha hisia hiyo? Vina na mizani vije baadaye, na ukivitaja useme vinasaidia nini. Kuandika "shairi lina beti tano na mishororo minne" bila kusema kazi yake ni sawa na kuhesabu vidole vya mtu ukadhani umemjua.

Wazazi, sasa tujibu lile swali la bombani. Hadithi hazileti posho, ni kweli. Lakini angalieni. Tangazo likibandikwa kwenye mti, sisi watu wazima tunafanyaje? Mmoja anasoma, kumi wanauliza limesema nini, na jioni kuna matangazo kumi tofauti zoni nzima. Mtoto aliyezoea kuulizwa umejuaje atarudi kwenye karatasi, atasema, hapana baba, neno hili halimo. Tangu mwaka 2017 familia zimekuwa zikijiandikisha na kurudi Burundi, na kila familia imekuwa na karatasi za kusoma, barua za ndugu za kupima, maneno ya simu ya kuchambua. Ndugu akisema "huku ni shwari", nani anasema, anamwambia nani, na nini amekiacha? Hayo ni masomo ya fasihi yale yale.

Na wewe mzazi usiyejua kusoma, usijitoe. Mmeona mama yule alivyoshika mihogo. Mwambie mtoto akusomee jioni, dakika kumi tu wakati chakula kiko motoni. Usimuulize "umeelewa?" maana atasema ndiyo ili aende kucheza. Muulize, nani umempenda humo na kwa nini? Nani umemchukia? Nionyeshe pale alipofanya jambo hilo. Mwisho ungekuwa wewe ungemaliza vipi? Na ukiwa na hadithi zako za Kirundi au za Kibembe au za kwenu kokote, msimulie na yeye akuchambulie. Baadhi ya watoto wanatuletea hadithi za bibi zao na hizo ndizo zinazosomwa kwa hamu kuliko zetu.

Mtauliza, msichana yule yuko wapi sasa? Aliendelea kuja mpaka familia yao ilipoamua kurudi. Waliondoka mwaka 2024. Siku ya mwisho alikuja kutuaga, akaomba nakala ya hadithi ya taa. Tukamwambia tuna moja tu. Akaketi kwenye benchi akainakili yote kwa mkono, na pale pa nyavu akapiga mstari chini.

Miezi michache baadaye tulipata ujumbe wake kupitia simu ya jirani. Alisema wamefika Rumonge. Mwaka ule ziwa lilikuwa limepanda sana, kama mlivyosikia, maji yaliingia nyumba za ufukweni, na sehemu ambayo mama yake alikuwa akianika ndagala ilikuwa imeliwa na maji. Shamba la michikichi lipo, ila kuna watu ndani yake, wanaongea nao taratibu. Anasoma. Shuleni kwao mwalimu aliwapa shairi akauliza maana, yeye akanyanyua mkono akasema maana na neno lililomwonyesha, mwalimu akamuuliza hayo umefundishwa wapi. Hakutuambia alijibu nini.

Mwisho wa ujumbe aliuliza swali, na tunaliweka hapa kwa watoto wote wa darasa, mlijibu kwa maandishi kabla ya Jumamosi ijayo. Ameuliza hivi: kama mtoto mkubwa kwenye hadithi angerudi akakuta giza, halafu akaichukua taa akaiwasha mwenyewe, hadithi ingekuwa njema zaidi au ingeharibika? Jibuni nusu ukurasa. Mkumbuke ushahidi.

Darasa ni Jumamosi saa nane mchana, siku ya posho hatukai. Aje na biki na daftari, na kama hana daftari aje hivyo hivyo. Wazazi mnaotaka kuketi nyuma na kusikiliza mnakaribishwa, benchi lipo.

Ni sisi, walimu wenu wa kujitolea wa darasa la hadithi na mashairi.